Koo la Katekista Wetu

Katekista akiinua mukono wa kushoto katikati ya chakula, watu wote wananyamaza. Redio inazimwa. Mwenye kijiko mudomoni anakiacha hapo hapo. Yeye anakaa wima, anainua kidevu kama mutu anayepigwa picha ya karte ya kitambulisho, anatazama mabati, na mukono unabaki hewani kama wa polisi wa magari kwenye rond-point. Tunangojea. Kisha mukono unashuka pole pole, anapumua, anasema: "Imepita."

Sisi wote tunajibu: "Amina."

Nilipokuwa mudogo nilikula kwake mara nyingi, nikafikiri kila nyumba inakula namna hiyo. Siku moja nilialikwa kwa rafiki yangu wa shule. Baba yake akainua mukono kuomba chumvi, mimi nikaweka kijiko chini, nikangojea, halafu nikasema "Amina" peke yangu, kwa sauti. Wakanitazama wote. Tangu siku ile sipendi kula kwa watu.

Ninaandika juu ya Katekista kwa sababu koo lake lilikaribia kuvunja ndoa ya binti yake Kavira, na mimi nilikuwa pale nikiona yote. Watu wa kartie, mutaa wetu, wanasimulia vibaya. Wengine wanasema mbwa alikufa. Mbwa hakufa, ndiyo shida yenyewe ilianzia hapo. Lakini nikianza na mbwa hamutaelewa, lazima nianze na mwenyewe.

Ni jirani yetu. Kati ya parcelle yetu na yake kuna ukuta mufupi wa mawe meusi ya volkano, mufupi hivi kwamba akipiga chafya kwake mama yangu anamujibu "pona" kwetu. Jina analo, lakini hakuna anayelitumia. Amefundisha katekismu watoto wengi sana, hata muke wake anamwita Katekista, hata akiwa amekasirika: "Katekista, ondoa viatu vyako hapo!" Na muke wake, basi, ni Mama Katekista. Yeye anatengeneza sabuni na kuiuza.

Sabuni ndiyo iliyoleta mambo. Soda kostike ikiyeyushwa katika maji inaonekana kama maji tu. Zamani Mama Katekista aliiweka katika chupa, chupa akaiweka chini ya meza ya jikoni. Mahali hapo hapo, bila yeye kujua, bwana yake alikuwa na desturi ya kuficha kanyanga, ile pombe kali nyeupe. Ilikuwa Kwaresima. Katekista alikuwa ameahidi mbele ya parokia nzima kwamba hatagusa pombe mpaka Pasaka.

Jambo hili analisimulia kwa namna tofauti. Kwa watoto wa katekismu anasema alikuwa na kiu kisha kulima. Kwa wanaume wenzake anasema ni shetani alihamisha chupa. Mama Katekista ana namna moja tu: "Alimeza funda, ikamuunguza, akafikiri leo kanyanga imetengenezwa vizuri. Hata kunusa hakunusa." Anasema hivi akikata sabuni, na kisu kinashuka kwa nguvu pale kwenye neno *kunusa*. Siku hizi soda yake inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na mama zote wa kartie wanaofanya sabuni wanafunga kitambaa chekundu kwenye bidon ya soda. Kwa hiyo mutu hawezi kusema uroho wa Katekista haukufundisha kitu.

Alilazwa, akapona, akarudi, na kila mutu akafikiri imekwisha. Lakini kidonda cha ndani kiliacha kovu, na kovu likaanza kuvuta. Bomba la chakula, lile linalotoka kooni kwenda tumboni, likapata kiuno. Ndivyo daktari wa tumbo alivyomuchorea: bomba, halafu kiuno kama cha nyigu, halafu bomba tena. Tonge likifika kwenye kiuno linasimama, linafikiri.

Dawa yake ni baloni. Mara ya kwanza tuliposikia, tulicheka, mama yangu akatupiga macho. Lakini ni kweli, ni puto kama la sherehe, ila dogo na gumu. Daktari anamulaza kwa dawa ya usingizi, anapitisha kamba nyembamba yenye taa kwa mudomo, anaifikisha pale penye kiuno. Baloni inatangulizwa ikiwa imejikunja kama mwavuli uliofungwa. Ikifika katikati ya mahali pembamba wanaijaza maji, inavimba, inasukuma kovu pande zote. Kisha wanaitoa maji na kuivuta nje. Mugonjwa anaamka, anauliza wataanza saa ngapi, wanamuambia wamemaliza.

Aliporudi kwenye moto, pikipiki ya kukodi, siku ile ya kwanza, sauti kama ya chura, watoto wote tulimuzunguka.

"Papa Katekista, baloni ilikuwa rangi gani?"

"Bluu. Rangi ya Bikira Maria."

Mara ya pili alisema ni nyekundu, kwa sababu ilikuwa Pentekoste. Nilitaka kumuuliza aliiona namna gani kama walimulaza. Swali lilipanda mpaka kooni, likasimama.

Hilo ndilo jambo langu mimi. Ninaona haya kupita kiasi. Niko humanités sasa, shule ya sekondari, na bado prof akitaja jina langu, jibu ninalijua lakini halitoki, ninafungua mudomo kama samaki wa soko la Kituku aliyewekwa kwenye beseni. Katekista aliligundua wakati wa kunitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Aliniuliza Mungu yuko wapi, nikatazama viatu. Hakunigombeza. Aliinama akaniambia kwa sauti ndogo: "Sista Kimya, wewe na mimi ni ndugu. Mimi vitu havishuki. Wewe havipandi." Tangu siku ile ananiita Sista Kimya, hata sokoni, hata mbele ya wavulana.

Kila mutu mwingine angeficha ugonjwa kama huo. Yeye aliufanya shule. Vyakula vyote alivipanga kwa klase. Uji na maziwa ni gardienne, shule ya watoto wadogo. Avoka na viazi vilivyopondwa ni primaire, shule ya musingi. Sambaza, wale samaki wadogo, na maharagi ni humanités. Bugali ni exetat, mutihani wa mwisho wa serikali. Nyama ya mbuzi ni université. Asubuhi akipita kwenda parokiani watu wanamuuliza juu ya ukuta:

"Papa Katekista, leo uko klase gani?"

"Niko primaire, mama. Jana nilijaribu maharagi, wakanifukuza."

Akitoka kwa daktari anaruka klase kama mutoto wa minisita. Hapo ndipo anapokosea kila mara. Kisha ile baloni ya kwanza, daktari alimuambia anywe uji, halafu vitu laini, siku kwa siku. Yeye alishuka kwenye moto akanunua michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kando ya barabara, akala akiwa amesimama, na machozi ya furaha. Ilipita. Akatangaza amepona. Maharagi ambayo mama yangu alipanda wiki ile hayakuwa bado na maua, na mukono wa kushoto ulikuwa umeinuka tena.

Walimurudisha. Daktari alimuambia mbele ya Mama Katekista, na yeye ndiye aliyeturudilia maneno: "Muzee, baloni haiondoi kovu. Inalinyoosha tu. Litavuta tena, tutalipanua tena. Kila mara litachelewa zaidi kidogo kurudi, kama Mungu akipenda, na kama wewe utatafuna na kumeza dawa yako ya tumbo."

Katekista alisikia ile ya Mungu peke yake.

Kutafuna ndiko kulikokuwa kugumu. Kwao, upande wa Butembo, bugali haitafunwi. Unafinyanga tonge, unachovya katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, unameza, basi. Mutu muzima akitafuna bugali wanamutazama kama mutu anayekunywa maji kwa uma. Mama Katekista alikaa kando yake miaka yote akinong'ona: "Tafuna." Na yeye akijibu bila kufungua meno: "Watu wanatazama." Alikuwa tayari kusimamisha meza nzima kwa mukono hewani, watu wote wakimutazama mudomoni, lakini kutafuna bugali ni aibu. Mimi ninamupenda Katekista, lakini sitadanganya daftari langu: kichwa chake hakifuati njia moja.

Mahubiri yake nayo yalifuata koo. Koo likibana anakuwa mukali. Anafundisha juu ya uroho, anasema watu wa siku hizi wanakula kama watakufa kesho, anatafuta siku za kufunga hata zile ambazo padri mwenyewe amezisahau. Koo likipanuliwa anagundua huruma ya Mungu, anasema chakula ni zawadi, anaongeza siku za sherehe. Mama yangu hakuhitaji kuuliza habari za daktari. Alirudi kutoka misa akavua kitambaa cha kichwa, akasema: "Leo ametuhukumu wote. Atapanuliwa wiki ijayo."

Na siku aliyotufundisha purgatori, ile toharani, hakuna mutoto aliyesahau. Mumoja aliuliza ni mahali gani. Katekista akaonyesha kifua chake. "Ni kama bugali hapa. Haiko nje, haiko ndani. Haijapotea. Inangojea tu, na wewe unaiombea." Tuliielewa sana purgatori.

Sasa, daktari alikuwa na haki. Baloni kisha baloni, kiuno kilianza kuchelewa kurudi. Zamani alikuwa anapanuliwa tena hata kabla sabuni iliyokatwa siku ile haijaisha kuuzwa. Baadaye ikawa mara chache kwa mwaka. Halafu ikaja nafasi ndefu, ndefu sana, hata tukasahau kumuuliza klase. Alikula mbuzi. Dawa ya tumbo aliiacha, akasema dawa ni ya wagonjwa. Na siku ya shukrani parokiani alisimama mbele, bila mutu kumuomba, akapaza sauti:

"Ndugu zangu, koo langu limefunguliwa, na halitafungwa tena!"

Kwaya ikaimba. Mama wakapiga vigelegele. Mama Katekista peke yake alibaki amekaa, mikono kwenye mapaja. Nilikuwa nyuma yake, nikamusikia: "Daktari alisema tutaona. Yeye amesikia milele."

Nafikiri mumeelewa kilichokuja. Siku za Noeli, watu wote wakitafuta kuku, Katekista alifundisha saa nzima juu ya kufunga. Mama yangu alinitazama. Mimi nikamutazama. Koo limerudi. Lakini safari hii hakusema kwa mutu. Aliisha kutangaza mbele ya parokia, angerudi kutangaza nini? Kwamba limefungwa? Nyumbani alikula uji akisema anaupenda.

Na wakati huo huo Kavira akapata fianse, muchumba.

Kavira ni binti yake mukubwa. Ndiye aliyenifundisha kusuka nywele, ndiye mutu wa nje peke yake ambaye ninaweza kumuambia mambo marefu. Fianse wake anaitwa Innocent, fundi wa moto, anatengeneza pikipiki, mutu muzuri, anacheka kabla hujamaliza hadithi. Familia yake ni ya Rutshuru, siku hizi wanakaa hapa Goma kwenye barabara ya kwenda Kibati. Mukubwa wao ni mama ya baba yake Innocent, muzee sana, wote wanamwita Nyogokuru. Yeye akisema ndiyo, ni ndiyo. Akinyamaza, wanaanza upya.

Walitualika kula. Mimi nilienda na wasichana wengine wa kartie kubeba vikapu vya maharagi na ndizi, kwa sababu Kavira aliniomba. Kwanza walileta maziwa. Katekista akanywa bakuli nzima, akaomba nyingine, Nyogokuru akatabasamu, mambo yakawa mazuri. Halafu wakaleta bugali na mbuzi.

Nilimuona Katekista akitazama sahani kama mutu anayetazama mulima wa Nyiragongo na wameisha kumuambia aupande. Hakuinua mukono. Alichukua nyama, akaitafuna muda murefu, akatoa kitambaa chake cheupe, akapanguza mudomo. Kisha tena. Kisha tena. Kila mara kitambaa kilirudi mufukoni kikiwa kizito zaidi. Mama Katekista akamufinya. Mufuko wa koti ukawa kama una panya.

Wakati wa kuaga tulisimama uani na wakamuomba aongoze sala. Sala ya Katekista haina haraka. Sote tulifunga macho. Sasa wao wako na mbwa, anaitwa Ministre, kwa sababu analala sana na anakula bila kazi. Ministre hakufunga macho. Tuliposema "Amina" na kutazama, alikuwa amevuta kitambaa mufukoni, kitambaa kimefunguka mbele ya miguu ya Nyogokuru: nyama, bugali, kipande cha ndizi, vyote vimetafunwa. Ministre akala yote akalamba na kitambaa.

"Kumbe," akasema Nyogokuru, akaingia ndani.

Mutu asiye wa hapa atauliza kosa ni nini. Kosa ni kwamba hapa kwetu, mutu akikubali chakula chako kisha akakitema kwa siri, amekuambia jambo moja tu: ninyi ni watu wa sumu. Afadhali angewatukana.

Kisha siku chache baba mudogo wa Innocent alikuja kwa Katekista. Nilikuwa ninaanika nguo upande wetu wa ukuta, na sikuharakisha.

"Tumekuja na neno moja," akasema. "Mbwa yuko muzima."

"Tunamushukuru Mungu," akajibu Katekista.

"Alikula nyama yote, akalala, akaamka, amekula tena. Sasa wewe, muzee, uliogopa nini?"

"Sikuogopa. Nilikuwa ninafunga."

"Kufunga? Na yale maziwa?"

"Maziwa… maziwa ni kama maji."

Nilishikilia shuka yenye maji mpaka ikaniloanisha miguu. Kisha baba mudogo akasema Nyogokuru amekata maneno. Katekista atarudi Jumapili isiyo hii, ya pili, akae mbele yake, ale chakula chao, ameze, watu wote wakiona. Kama hawezi, Kavira abaki kwa baba yake, na wao watatafuta mukwe asiyewaogopa.

Alipotoka, Kavira akaanza kulia. "Papa, waambie tu ukweli!"

"Ukweli gani? Kwamba Mungu alinifungua mbele ya parokia, halafu amenifunga? Watasema ukoo wetu muzima una koo bovu. Watasema wajukuu watazaliwa na kiuno."

"Papa, ulikunywa soda! Soda si ukoo!"

"Eh, ndiyo niseme hiyo? Kwamba katekista alikuwa anatafuta kanyanga wakati wa Kwaresima?"

Mama Katekista akasema kutoka jikoni: "Bila kunusa."

Basi akaenda kwa baloni. Daktari hakumugombeza, alifurahi hata. Alisema nafasi ile ndefu ni kazi nzuri, wengine wenye kovu la soda wanarudi na kurudi bila kupata hata nusu yake. Lakini kukaa vizuri si kupona. Akamuamuru: uji, halafu laini, nyama ndogo ndogo, kutafuna, dawa kila siku, na kama kifua kitauma ama homa itapanda, arudi mbio.

"Na bugali ya Jumapili?"

"Jumapili gani?"

Katekista akamusimulia yote, mpaka Ministre. Mama Katekista anasema daktari aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Alipogeuka akasema kama Kavira: "Muzee, waambie."

Hakuwaambia. Jumapili tulienda.

Safari hii hawakutandika uani, walitupanga sebuleni, viti kando ya ukuta, na katikati meza moja. Katekista upande mumoja, Nyogokuru upande mwingine, kama watu wa kucheza drafti. Mama Katekista waliisha kumuita nyuma kupakua pamoja na mama wa pale. Kavira alikuwa chumbani na wasichana, kwa sababu si vizuri binti akae akitazama mambo yake yanapimwa. Mimi nilikaa mulangoni na kikapu juu ya magoti. Ministre walimufunga kamba, lakini alikuja na kamba yake kuona.

Katekista alifinyanga tonge. Nilimuona akitaka kutafuna. Nilimuona pia akiona macho yote yale. Akameza. Likashuka! Baba mudogo akapiga makofi. Innocent akapumua kama taili lililotobolewa. Nyogokuru akasogeza kichwa kidogo tu, maana yake: endelea.

Hapo ndipo Katekista, badala ya kuchukua tonge lingine dogo, alichukua nyama. Na si ndogo.

Mukono wa kushoto ukainuka.

Kwetu, watu wangenyamaza. Lakini wale hawakujua.

"Nyamazeni, mukwe anataka kusema!" akasema baba mudogo. Wakangojea hotuba. Hotuba haikuja. Macho ya Katekista yalikuwa juu ya mabati, yanaanza kuwa na maji.

"Anaapa?" mumoja akauliza.

"Anasali," akasema mwingine.

"Anaonyesha tumemupa sumu!" akalia shangazi mumoja, na nyumba ikalipuka. Mumoja akataka kumupiga mugongoni. Mwingine akakimbia kuchukua mafuta ya kumunywesha. Baba mudogo tayari alikuwa ameshika bakuli la maziwa, anamushika kidevu amumiminie. Nilijua kwamba kitu kikimiminwa juu ya ile nyama kitapotea njia, kitaingia kwenye pumzi. Mama Katekista alikuwa nyuma kwenye moshi. Kavira chumbani. Ndani ya sebule ile hakukuwa na mutu mwingine anayeujua mukono huo isipokuwa mimi.

Nilisimama. Kikapu kilianguka.

"Musimuguse!"

Sikujua kama ni mimi. Wote waligeuka.

"Musimuguse, ngojeni! Inapita! Si sumu! Koo lake liko na mahali pembamba, nyama inasimama, halafu inapita!" Na kisha maneno hayakujua tena kusimama, kama miaka yote yalikuwa yanangojea nyuma ya hilo la kwanza. "Alikunywa soda ya sabuni! Zamani! Alifikiri ni kanyanga! Ilikuwa Kwaresima! Daktari anamupanua kwa baloni, na anatakiwa kutafuna, na hatafuni kwa sababu ya haya, na ile siku ya kitambaa koo lilikuwa limefungwa, na Kavira anawapenda ninyi wote, hata Ministre!"

Baba mudogo akaachia kidevu, akarudisha bakuli mezani. Katekista bado alikuwa na mukono hewani. Kisha, pole pole, ukaanza kushuka. Akapumua.

"Imepita," akasema.

"Amina," nikajibu, peke yangu.

Katekista akapanguza macho, akanitazama. "Sista Kimya," akasema kwa sauti ya chura, "Kwaresima, hukulazimika kuitaja."

Ilianza kama kikohozi. Nilifikiri Nyogokuru naye amekwama. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akafungua mudomo mbele yetu sote, akaonyesha kwa kidole: hakukuwa na jino hata moja.

"Mimi wananipondea chakula jikoni kabla wageni hawajafika," akasema. "Halafu ninakaa mbele ya watu, ninasema nimeshiba. Leo nimekaa mbele ya mbuzi ambayo siwezi kula, ninakulazimisha wewe uile!" Akageukia mulango. "Leteni ile yangu! Na vijiko viwili!"

Wakaleta bakuli la viazi na avoka vilivyopondwa pamoja, primaire kamili. Walikula wawili, kwa heshima sana, kila mumoja akimungojea mwenzake. Katikati Katekista aliinua mukono, nafikiri kwa mazoea tu, na nyumba yote ikanyamaza vizuri. "Imepita," akasema, na Nyogokuru akawa wa kwanza kusema Amina. Nyuma ya pazia la chumba nilisikia Kavira akicheka na kulia pamoja.

Wameisha kuoana. Ministre alikula vizuri siku hiyo.

Katekista nilimukuta wiki hii nikitoka shuleni, pale wanapopanga avoka kando ya barabara. Alikuwa anazifinya moja moja, kama mutu anayechagua mutoto wa kutuma. Nilimuamkia. Nikamuuliza, kwa sauti, hata yeye akashangaa: "Papa Katekista, uko klase gani?"

"Nimeduble, nimerudia klase," akasema. "Inaanza kubana. Siku ya nne ya juma ninaenda kwa baloni, Innocent ananipeleka na moto. Nyogokuru anataka kuja naye, anasema anataka kuona rangi." Akachagua avoka moja, akairudisha. "Unajua, nilikuwa ninamungojea daktari aniambie siku ya kumaliza. Nimemuuliza safari ya mwisho. Amesema hii kazi ni kama barabara ya Goma: unatengeneza, mvua inanyesha, unatengeneza tena. Lakini unapita. Nikarudi parokiani, nikawaambia."

"Uliwaambia wote?"

"Mbele ya wote. Kwamba nilisema milele, kumbe ilikuwa muda murefu. Kwaya haikuimba, lakini mama mumoja alinifuata nje, anasema bwana yake naye anainua mukono." Alicheka kidogo. "Sasa ninatafuna. Hata bugali. Muke wangu ananitazama kama mutu mugeni. Na huyo Nyogokuru! Amejifunza mukono. Hana ugonjwa wowote wa koo. Anauinua tu akitaka watu wanyamaze ili aseme yeye."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaniangalia kwa namna ile ya zamani, ya komunyo ya kwanza. "Na wewe? Lile lako la vitu visivyopanda?"

Nilimusimulia. Jana prof wa historia aliuliza swali, klase nzima ikatazama chini. Mimi nilijua jibu, likapanda, likafika pale linaposimamaga. Nikainua mukono. Wa kushoto. Nikakaa wima, nikainua kidevu, nikatazama mabati. Watu wakacheka kwanza, halafu wakanyamaza, kwa sababu mukono huo unanyamazisha, sijui kwa nini. Nikangojea.

"Eeh?" Katekista akaacha kufinya. "Imepita?"

"Imepita," nikasema.

"Amina!" akapaza sauti, hata motard mumoja juu ya pikipiki yake akageuka. Mama wa avoka, asiyejua chochote, naye akasema Amina. Kisha akatuuliza kama tunanunua ama tunasali tu.